Mtindi wa Viungo: Kinywaji cha Wahindi Kifaacho Kila Nyumba

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wenye nyumba, wa mashambani na wa mijini, juu ya kinywaji cha mtindi na jinsi ya kukitengeneza pasipo hatari.



Mtu apitaye wakati wa adhuhuri katika kijiji cha Gujarat, upande wa magharibi wa India, jua linapochoma kabla ya mvua kubwa za mwezi wa Juni, hakai barazani kwa mwenyeji wake muda mrefu kabla ya kuletewa bilauri. Haulizwi kama ana kiu, kwa maana joto lenyewe limekwisha kumjibia. Ndani ya bilauri hiyo mna kinywaji cheupe, chepesi, chenye chumvi kidogo na harufu ya bizari iliyokaangwa. Jina lake ni chaas. Nacho si maziwa matupu, wala si maji matupu, wala si kileo. Ni mtindi uliopekechwa pamoja na maji baridi na kutiwa viungo. Watu wa upande wa kaskazini, wale wa Punjab, nchi ambayo tangu mwaka 1947 imegawanyika kati ya India na Pakistan, wanacho kinywaji kilicho ndugu yake, ila ni kizito zaidi, nacho huitwa lassi.

Kinywaji hiki hakikubaki kwao tu. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, mpaka ilipofika Kisumu mwaka 1901, vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walikuwa watu wa Punjab. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch nao walifungua maduka Pwani na bara. Watu hao walikuja na sufuria zao, viungo vyao na chachu ya mtindi wao. Hata leo, katika nyumba nyingi za Wahindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, jagi la chaas huwekwa mezani wakati wa chakula cha mchana.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi kila mtu awezavyo kukitengeneza kinywaji hicho nyumbani kwake. Lakini kuna jambo moja linalopita yote, nalo husahauliwa na wengi: sehemu kubwa ya kinywaji hiki ni maji. Mama aweza kuyachemsha maziwa yake kwa uangalifu wote, kisha akauharibu mtindi wake kwa kikombe kimoja cha maji ya mtoni. Mwenye kulishika neno hilo moja ameshika nusu ya mafundisho yote.

MAZIWA HUGANDA KWA SABABU GANI

Kugandisha maziwa si elimu ngeni katika Kenya. Wakalenjin wana mursik yao, ambayo hutiwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalum. Wasomali hugandisha maziwa ya ngamia. Na maziwa lala yanajulikana katika kila soko. Basi ajifunzaye kutengeneza mtindi wa Wahindi anaongeza chumba kimoja tu katika nyumba iliyokwisha jengwa na wazee wake.

Kazi ya kugandisha hufanywa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Mwaka 1905, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, jina lake Stamen Grigorov, aliyekuwa akifanya uchunguzi mjini Geneva, aliutazama mtindi wa kwao kwa hadubini akakiona kijidudu chenye umbo la kijiti. Kijidudu hicho, pamoja na mwenzake wa umbo la mviringo, hula sukari iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo iletayo ule ukali wa mtindi, ndiyo iyafanyayo maziwa kushikana, na ndiyo izuiayo vijidudu vingi vibaya visizidi. Na kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imekwisha liwa, watu wengi ambao matumbo yao huchafuka wanywapo maziwa mabichi huona kwamba mtindi hauwasumbui sana.

Lakini asidi hiyo si mlinzi wa kila kitu. Maziwa yasiyochemshwa yaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, au vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao ukimshika mtu humletea homa isiyokwisha na maumivu ya viungo vya mwili kwa miezi mingi. Mtu asidhani kwamba maziwa yakiisha kuwa makali basi yamekuwa salama. Hapana, moto kwanza, chachu baadaye.

KUGANDISHA MTINDI

Mwenye kutaka kutengeneza achukue lita moja ya maziwa, ya ng'ombe au ya mbuzi, ayachuje kwa kitambaa safi, kisha ayatie katika sufuria na kuyachemsha. Maziwa yakiisha kupanda na kutokota, apunguze moto na kuyaacha yatokote dakika chache zaidi huku akiyakoroga ili yasishike chini. Kuchemsha huko huua vijidudu vya maradhi, na tena huufanya mtindi ushikane vizuri zaidi.

Kisha maziwa yaachwe yapoe, yakiwa yamefunikwa, mpaka yawe na uvuguvugu. Mwenye kipimajoto atazame kiwango cha 40 mpaka 45 cha sentigredi. Asiye na kipimajoto anawe mikono kwa sabuni, kisha ajaribu tone la maziwa juu ya kifundo cha mkono: liwe la moto wa kupendeza, lisiunguze. Hapo ndipo wengi wakoseapo. Chachu itiwayo katika maziwa ya moto mkali hufa papo hapo, na itiwayo katika maziwa yaliyopoa kabisa husinzia.

Chachu yenyewe ni vijiko viwili vikubwa vya mtindi mzuri wa jana. Anayeanza kwa mara ya kwanza aweza kuomba kwa jirani aliye msafi wa vyombo, au kununua dukani mtindi usiotiwa sukari wala ladha ya matunda, ambao karatasi yake yasema kwamba una vijidudu hai. Chachu ikorogwe kwanza katika kikombe pamoja na maziwa kidogo ya uvuguvugu mpaka iwe laini, kisha imiminwe katika maziwa yote na kuchanganywa taratibu.

Chombo kiwe cha udongo, cha kioo, cha chuma kisichoshika kutu, au cha bati lililopakwa rangi ya kung'aa ambayo haijabanduka. Shaba tupu haifai, kwa kuwa asidi huila na kuingiza sumu katika chakula; ndiyo maana Wahindi wenye vyombo vya shaba huvipaka bati kwa ndani, na kuna mafundi wafanyao kazi hiyo. Chungu cha udongo kina faida yake: hunyonya maji kidogo ya mtindi, na mtindi huwa mzito.

Chombo kifunikwe na kuwekwa mahali penye joto pasipoguswa. Mombasa au Lamu, mezani tu panatosha. Lakini mtu wa Limuru au Nyahururu, ambako usiku una baridi kali, akizungushie blanketi na kukiweka katika kikapu kilichojazwa majani makavu, au karibu na meko yenye majivu ya moto. Baada ya saa sita mpaka nane mtindi huwa tayari. Penye baridi waweza kuchukua saa kumi na mbili. Asitokee mtu wa kufunua na kutikisa kila mara ili aone kama umeshikana, kwa maana mtindi utikiswao kabla ya wakati wake hukatika na kutoa maji. Ukiisha kuganda, uwekwe mahali pa baridi, na vijiko viwili vitengwe kwanza kwa ajili ya chachu ya kesho.

KUPEKECHA NA KUTIA VIUNGO

Katika nyumba za zamani za Gujarat na Punjab, mtindi hupekechwa alfajiri kwa upekecho mrefu wa mti, ambao huzungushwa kwa kamba iliyovingirishwa katikati yake, mkono huu ukivuta na huu ukilegeza. Sauti ya upekecho huo ilikuwa ndiyo sauti ya asubuhi vijijini. Hata katika hadithi za kale za Kihindu inasimuliwa kwamba miungu na mashetani waliipekecha bahari, mlima ukiwa upekecho na nyoka mkubwa akiwa kamba, ili wapate maji ya uzima. Siagi ikiisha kupanda juu huondolewa ikayeyushwa kuwa samli, na kinachobaki ndicho chaas halisi. Wenye ng'ombe wa kutosha waweza kufanya hivyo kwa kusuka mtindi katika kibuyu au katika chupa kubwa yenye kifuniko.

Lakini mwenye lita moja tu hana haja ya kutoa siagi. Atwae vikombe viwili vya mtindi, aupekeche mpaka usiwe na mabonge hata moja, kisha aongeze vikombe vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Wakati wa joto kali, au kwa wapendao kinywaji chepesi, vikombe sita havizidi. Apekeche tena mpaka povu jepesi lisimame juu.

Kisha vije viungo. Kiungo kikubwa ni bizari nyembamba, ile itiwayo katika pilau, ambayo Wahindi huiita jira. Vijiko viwili vya chai vya bizari hiyo vikaangwe katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, vikigeuzwa daima. Dakika moja au mbili zatosha: bizari ikianza kugeuka rangi na harufu yake ikajaa jikoni, iondolewe upesi, maana ikipita hapo huwa chungu. Itwangwe ikiisha kupoa, na kitakachobaki kitunzwe katika kichupa kilichofungwa. Kwa kiasi cha mtindi kilichotajwa hapo juu, kijiko kimoja cha chai cha bizari hiyo chatosha, pamoja na nusu kijiko cha chumvi, kipande cha tangawizi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichopondwa, na nusu ya pilipili mbichi iliyoondolewa mbegu. Juu yake yatiwe majani machache ya kotimiri au nanaa yaliyokatwakatwa.

Wapishi wa Gujarat wanayo njia nyingine iongezayo utamu. Kijiko kimoja cha chai cha samli hupashwa moto; mbegu chache za haradali hutiwa humo mpaka zipasuke; huongezwa bizari nyembamba na mvuje kidogo mno, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili; na vyote humiminwa vikiwa vya moto juu ya kinywaji. Mvuje una harufu kali ukiwa mbichi, lakini ndani ya samli hupoa na kuwa mzuri, na Wahindi husema kwamba husaidia tumbo lililojaa hewa.

Atakaye lassi ya Punjab apunguze maji: mtindi vikombe viwili, maji kikombe kimoja au kimoja na nusu. Yaweza kutiwa chumvi na bizari kama ile ya kwanza, au sukari kidogo na hiliki iliyosagwa. Hiyo ya sukari hupendwa sana na watoto, lakini isiwe ya kila siku, kwa ajili ya meno yao. Na mzee aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, kwa sababu ya shinikizo la damu, atengewe kikombe chake kabla chumvi haijatiwa. Bizari na tangawizi zitamtosha.

JAMBO LA MAJI

Sasa yapasa kulirudia neno lililotajwa mwanzoni. Katika vikombe sita vya chaas, vinne ni maji. Homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu husafiri ndani ya maji, wala maji yenye maradhi hayana rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Maji ya kisima, ya mto, ya tangi la mvua, na hata ya mfereji pale ambapo hayaaminiki, sharti yachemshwe mpaka yatokote, kisha yapozwe ndani ya chombo kile kile kikiwa kimefunikwa. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo utayapoza vizuri bila gharama yoyote.

Barafu nayo ni maji. Watu wengi wa mijini huyachemsha maji yao, kisha hununua barafu ya mtaani isiyojulikana ilikotoka na kuitumbukiza ndani. Kadhalika majani ya kotimiri na nanaa huliwa mabichi. Mara nyingi yamemwagiliwa maji machafu huko bustanini, basi na yaoshwe sana kwa maji safi, jani kwa jani. Mwenye kuupuza hayo amefunga mlango wa mbele na kuuacha wazi mlango wa uani.

MTINDI UKIKATAA

Pengine mpishi hufuata yote na bado mtindi usigande. Asikate tamaa, bali atafute sababu. Huenda maziwa yalikuwa ya moto mno au ya baridi mno. Huenda chachu ilikuwa ya siku nyingi ikachoka. Hapo hapana budi kutafuta chachu mpya. Na iko sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: ng'ombe aliyedungwa dawa kwa ajili ya ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yenye dawa hiyo ndani yake, na dawa iliyokusudiwa kuua vijidudu vibaya huua na vile vya chachu pia. Maziwa ya namna hiyo hayafai kuuzwa wala kunywewa mpaka siku zilizowekwa na daktari wa mifugo zimalizike. Hivyo mtindi uliokataa huwa kama shahidi.

Mtindi uliokuwa mkali kupita kiasi bado una kazi. Wagujarati huuchanganya na unga wa dengu na maji, wakaupika pamoja na viungo kuwa mchuzi uitwao kadhi, ambao huliwa kwa wali. Lakini mtindi uliofanya ukungu, au wenye nyuzi kama makamasi, au rangi ya waridi, au harufu ya uozo, hauna dawa: umwagwe mbali, na chombo kichemshwe. Chaas iliyokwisha tiwa maji inywewe siku ile ile. Palipo na friji, isipite siku ya pili.

KIDOGO CHA WATU WENGI

Yafaa kusema kweli juu ya manufaa ya kinywaji hiki. Lita moja ya maziwa, ikigawanywa kwa watu wanane, ni nusu kikombe tu kwa kila mmoja. Lita hiyo hiyo ikigeuzwa mtindi na kuongezwa maji hujaza vikombe kumi na viwili. Lakini maji hayaongezi chakula: kikombe cha chaas kina theluthi tu ya nguvu iliyomo katika kikombe cha maziwa. Basi ni kinywaji kizuri kwa mtu arudiye kutoka shambani na jasho lake, wala hakiwezi kuchukua mahali pa maziwa ya mtoto mdogo. Mtoto apewe mtindi wenyewe, mzito, usio na chumvi wala pilipili. Na mtoto mchanga asipewe huu wala huo, bali ziwa la mama yake.

Tena liko jambo la ujirani. Zamani katika vijiji vingi vya Gujarat, maziwa na samli viliuzwa, lakini chaas haikuuzwa. Ilikuwa aibu kuitoza fedha. Asubuhi, upekecho ukiisha kunyamaza, watoto wa majirani wasio na ng'ombe walifika na vyombo vyao wakajaziwa, kisha wakaenda zao. Mwaka 1946, wafugaji wa wilaya ya Kaira huko Gujarat walianzisha chama cha ushirika cha kuuza maziwa, chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel, na baadaye wakasaidiwa na mhandisi Verghese Kurien. Kuanzia mwaka 1970 mpango wao ulienezwa katika sehemu nyingi za India, na nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa. Wafugaji wadogo walipata fedha za uhakika, na hiyo ni heri kubwa. Lakini wako wachunguzi walioeleza kwamba, maziwa yote yalipoanza kubebwa kwenda kwenye kiwanda, pekecho zilinyamaza katika nyumba nyingi, na majirani maskini wakakikosa kile kikombe chao cha bure.

Jambo hilo lina mafundisho kwa mfugaji wa Kenya. Ziko nyumba ambazo maziwa yote hupelekwa barabarani asubuhi, na watoto wa mwenye ng'ombe wakanywa chai kavu. Fedha ni za lazima. Karo hailipwi kwa mtindi. Lakini maziwa ya jioni mara nyingi hukosa mnunuzi wa usiku ule, nayo huharibika au huuzwa kwa bei ya kutupa. Hayo ndiyo maziwa ya kuchemsha na kutia chachu kabla ya kulala. Asubuhi yake mtindi upo, umeganda wenyewe watu wakiwa usingizini, na watoto wana kitu cha kuwekewa mezani.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Mama awezaye kupata lita moja ya maziwa, maji yaliyochemshwa, chumvi na bizari kidogo, anacho cha kumkaribisha mgeni wakati wa jua kali, na vijiko viwili vya chachu vya kumpa jirani ili naye aanze kwake. Na akiivusha chachu hiyo ng'ambo ya ua, avushe na lile neno pamoja nayo: maziwa yachemshwe, na maji pia.